Mjomba, hujafuta kitu

Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano ya wiki iliyopita kazi yangu ilikuwa moja: kufuta imeili. Nilifuta kwenye pantoni asubuhi, nikafuta kwenye foleni ya dirishani, nikafuta usiku nikiwa nimelala chali mpaka simu ikaniponyoka na kunidondokea puani. Mke wangu akauliza nachati na nani usiku wote huu. Nikamgeuzia kioo aone: safu ya vitiki vya bluu kutoka juu mpaka chini. Akaangalia, akageukia ukutani.

"Afadhali angekuwa mwanamke," akasema. "Angalau ungekuwa unatabasamu."

Chanzo ni apdeti. Simu ilikuwa imenisumbua kama wiki mbili, kila nikiishika inaniambia kuna toleo jipya. Mimi nabonyeza "Baadaye", kama ninavyowajibu wateja wanaoniuliza gari lao limefika wapi. Jumapili usiku nikawa na bando la usiku linalokaribia kuisha, nikaona lisiende bure. Nikakubali, nikaichomeka kwenye chaji, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Asubuhi simu ikaamka na sura ya kigeni. Tarakimu za saa zimenenepa, rangi zimepauka, kamera imehamia upande wa pili. Hayo mtu anazoea. Kilichoniuma ni programu ya imeili, ile iliyokuja na simu. Zamani unabonyeza "Hariri" juu, "Chagua zote" chini, kisha "Futa". Mibonyezo mitatu, umemaliza, unakwenda kunywa chai. Sasa "Chagua zote" haipo. Nimeitafuta kwenye vinukta vitatu, nimeitafuta kwenye mipangilio, nimebana imeili moja kwa dole gumba nikaing'ang'ania kama nimeshika mwizi. Wapi. Kilichobaki ni kiduara pembeni ya kila imeili. Unakigusa kimoja, kinakuwa bluu, unahamia cha chini yake.

Kikasha changu kilikuwa na imeili 23,614.

Nilipiga hesabu kwa kalamu. Nikiipa kila imeili sekunde moja, ni saa sita na nusu bila kukohoa, bila kupokea simu, bila kuangalia nje ya dirisha.

Mtu atauliza, kwa nini usiziache? Mwaka mzima si ulikuwa umeziacha? Ni kweli. Lakini Jumatatu hiyohiyo saa tatu asubuhi alinipigia dada wa kampuni ya meli. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam, hasa magari ya mitumba kutoka Japani.

"Kaka, imeili yako inarudi," akaniambia. "Nimekutumia notisi mara mbili. Inasema kisanduku kimejaa."

Kwa asiye wa kazi hii nieleze kidogo. Notisi ndiyo inayokwambia meli inaingia lini na mzigo wako uko ndani. Kuanzia hapo kuna siku za bure, na zikiisha unaanza kulipa kila siku inayopita, hesabu ikiwa kwa dola. Mteja hataki kusikia habari za kisanduku. Yeye amekupa kazi, anataka gari. Ukimwambia "nilichelewa kupata notisi kwa sababu imeili ilijaa", atakutazama kama mtu aliyechelewa harusi yake kwa sababu alikosa soksi.

Dada yule alinihurumia, akapiga picha notisi na kunirushia WhatsApp. Lakini akaniambia wazi kwamba mkubwa wake hataki mambo ya WhatsApp, kwa hiyo nijitahidi.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana zamani sikuwa mtu wa kulimbikiza. Imeili yangu ya kwanza niliifungulia kwenye intaneti kafe ya Mtaa wa Samora, mwaka 2001, nikiwa karani mdogo. Visanduku vya wakati ule vilikuwa vidogo kama kiberiti. Hotmail walikuwa wanakupa megabaiti 2. Orodha moja ya mizigo iliyoskaniwa ikiingia, imekaa yenyewe kama mgeni mnene kwenye kochi, na mwingine hapati nafasi. Kwa hiyo tulikuwa tunafuta. Unasoma, unanakili namba kwenye daftari, unachapisha ukiwa na hela ya karatasi, unafuta. Mtu akiondoka kafe bila kufuta, kesho imeili zake zinarudi kwa waliozituma na yeye ndiye wa kulaumiwa.

Kisha tarehe 1 Aprili 2004 ikaja Gmail na gigabaiti 1 nzima. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wajinga, watu walidhani wanataniwa. Mimi nilijiunga mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa intaneti wa Seacom, ule unaopita chini ya bahari, ulifika pwani yetu na intaneti ikaanza kutembea kama mtu mzima. Nakumbuka ukurasa wa kuingilia ulikuwa na namba inayoonyesha nafasi uliyopewa, na namba ile ilikuwa inapanda yenyewe huku unaitazama. Nilikuwa naikodolea macho kama mtu anayeendesha gari halafu anaona mshale wa mafuta unapanda badala ya kushuka. Maana yake ilikuwa wazi: acha kufuta, ukihitaji kitu utakitafuta. Tukaitikia. Miaka zaidi ya kumi sikufuta hata salamu za Idi.

Tangu mwaka 2013 nafasi ya bure ni gigabaiti 15, ila imeili inagawana na picha na mafaili. Hivyo kwenye chumba kimoja nilikuwa na invoisi za magari ya Toyota Noah, video za kitchen pati ya binti wa dada yangu, na picha 12 za kila Toyota IST iliyowahi kupita mikononi mwangu: mbele, nyuma, ubavuni, injini, kilomita, kiti cha dereva, tairi la akiba. Wajapani wana bidii ya kupiga picha.

Basi nikaingia vitani kwa kidole. Jumatatu nilikwenda kimojakimoja. Jumanne asubuhi, kwenye pantoni ya kwenda Magogoni, kijana aliyesimama nyuma yangu alikuwa ananichungulia begani. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mzee, tumia vidole viwili. Weka hapo kwenye viduara, buruta chini."

Nina miaka 49, hilo la "mzee" nikalimeza. Nikaweka vidole viwili, nikaburuta. Kweli, vitiki vikashuka vyenyewe kama mvua kwenye bati, ishirini, thelathini, orodha inapanda nayo inajipaka bluu. Ila ina masharti. Kidole kikiwa na jasho kinakwama. Ukiburuta haraka kinaruka. Ukiinua kidole kimoja tu, simu inadhani umefungua imeili, inakufungulia, na ukirudi vitiki vyote vimepotea. Nilikuwa nimefikisha kama mia mbili, mkono umekakamaa kama wa mchoraji wa hina, pantoni ikagonga gati la Magogoni. Mnaoipanda mnaujua ule mtikisiko. Watu wote tukaenda mbele hatua moja, vidole vikainuka, na mbele ya macho yangu ikafunguka imeili ya hoteli moja ya Arusha niliyolala usiku mmoja mwaka 2018: "Mteja wetu mpendwa, tumekukumbuka."

Kijana akasema, "Pole mzee," akashuka.

Hadi Jumatano jioni nilikuwa nimeondoa imeili elfu nne na ushee. Kikasha kilionekana kimepungua na nilijisikia vizuri, nisiwadanganye. Nikafungua pale panapoonyesha nafasi iliyotumika. Gigabaiti 14.98 kati ya 15. Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa 14.98.

Nikajipa moyo: labda mtandao, labda inachelewa kuhesabu. Nikazima simu, nikawasha. 14.98.

Jioni hiyo mpwa wangu alipita nyumbani kuchukua sufuria la mama yake lililobaki kwetu tangu hitima. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Nikampa simu kabla hajakaa, nikamweleza yote. Akasikiliza huku kidole chake kinatembea. Hazikupita dakika mbili.

"Mjomba, hujafuta kitu."

"Nimefuta elfu nne!"

"Hujafuta hata moja. Angalia."

Akafungua folda inayoitwa "Barua zote". Zilikuwa humo, elfu nne zote, zimekaa kwa utulivu kama abiria waliokwishalipa nauli. Na yule wa Arusha alikuwamo.

Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike haya. Apdeti haikuondoa "Chagua zote" peke yake. Iligeuza pia kazi ya kitufe cha chini. Zamani palikuwa na kindoo cha taka. Sasa pana kiboksi chenye mshale unaoelekea chini. Nilikiona siku ya kwanza, nikasema haya, ndiyo mtindo mpya wa kindoo, vijana wamebuni. Kumbe kile ni cha kuhifadhi kwenye kumbukumbu. Ukikibonyeza, imeili inatoka kwenye kikasha, huioni, lakini iko palepale na inakula nafasi ileile. Siku tatu nilikuwa nahamisha fenicha kutoka sebuleni kwenda stoo, halafu nashangaa kwa nini nyumba haijapungua uzito.

Akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Alisema hata kufuta kwenyewe kuna hatua mbili. Simu haina imeili zako, ina nakala, imeili zenyewe ziko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya imeili. Lugha ambayo simu na seva huongea inaitwa IMAP, aliibuni Mmarekani Mark Crispin mwaka 1986, na katika lugha hiyo unaanza kwa kuiwekea imeili alama kwamba ni ya kufutwa, kisha inakuja amri nyingine ya kuiondoa kabisa. Nikamwambia hilo nalielewa kuliko yeye. Bandarini kontena linaweza kuandikwa "bidhaa za kuharibiwa" na likakaa yadi miezi. Maandishi hayaharibu kitu. Lazima aje mtu na gari.

"Ndiyo hivyo, mjomba," akasema, akaomba maji.

Sasa niseme la moyoni kwa ninyi mnaotengeneza hizi apdeti. Mnabadilisha rangi, badilisheni. Mnataka saa inenepe, inenepe. Lakini mtu anayeingia jikoni kwangu usiku, akahamisha kiberiti, akaweka chupa ya sabuni mahali pa chupa ya mafuta, halafu akaacha kikaratasi kinasema "Maboresho mbalimbali na marekebisho ya hitilafu", huyo hajanisaidia. Na maelezo ya toleo yalisema hivyo tu, niliyarudia kuyasoma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuanzia leo ukifuta hufuti. Mpwa wangu anasema yawezekana hawakukusudia, mipangilio yangu ilirudishwa tu ilivyokuwa kiwandani. Anawatetea kwa sababu anatarajia kuajiriwa nao.

Mpangilio wenyewe tuliupata. Ni hivi: Mipangilio, Programu, Imeili, Akaunti, akaunti yenyewe, Mipangilio ya kina, na hapo ndipo unaulizwa imeili inayoondolewa iende wapi, kumbukumbu au tupio. Nikachagua tupio kwa kidole kilichokuwa kinauma. Ila "Chagua zote" haikurudi mpaka leo, kwa hiyo kwenye simu bado ni yale ya kuburuta.

Kazi ya kweli ilifanyika Alhamisi ofisini, kwenye kompyuta ya mezani ambayo herufi M imefutika kwenye kibodi. Kitu pekee kilichokuwa kimefutika wiki ile. Mpwa wangu yuko kwenye simu ananielekeza, mimi naandika kwenye kisanduku cha kutafutia:

larger:5M older_than:5y

Maana yake nionyeshe imeili zinazozidi megabaiti 5 na zenye umri wa kupita miaka mitano. Hiyo mitano niliitaja mimi. Nyaraka za mizigo tunazitunza miaka mitano, mkaguzi akija uwe nazo, kwa hiyo chini ya hapo sigusi hata kwa bahati mbaya. Zikaja imeili 1,137. Elfu moja na ushee tu, kati ya zaidi ya elfu ishirini na tatu! Nilikuwa nahangaika na vijimeseji vya "Mteja wetu mpendwa" visivyo na uzito wa unyoya, wakati waliolala kitandani kwangu ni hawa.

Ukiweka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa zinachaguliwa 50 zilizo kwenye ukurasa huo. Wengi wanaishia hapo, wanafuta hamsini hamsini mpaka jua linazama. Kumbe ukishaweka tiki hiyo, juu ya orodha hutokea mstari mdogo unaokuuliza kama unataka zote zinazolingana na ulichotafuta. Ni mstari mwembamba, rangi yake ya aibu, lakini huo ndio mlango. Niliubonyeza, kompyuta ikaniuliza nina hakika.

Nikasita. Ukiwa umekwama siku tatu halafu ukapewa panga la kweli, mkono unakuwa mzito. Nikamwambia mpwa ngoja kwanza, nikaanza kupitia orodha kwa macho.

Ukurasa wa nne nikakutana na imeili ya mwaka 2017. Kichwa chake: "RE: RE: NOAH". Mteja wa Tegeta. Noah ya rangi ya fedha ilikwama bandarini kwa sababu yeye alichelewa kutuma hela ya ushuru, siku za bure zikaisha, na mimi kwa wema wangu wa wakati ule nikamlipia demareji, yaani yale malipo ya siku zilizozidi, shilingi 640,000, ili gari litoke kabla ya Sikukuu. Aliandika mstari mmoja: "Kaka nashukuru sana, Ijumaa namalizia." Akaambatisha picha yake amesimama mbele ya gari getini, dole gumba juu, miwani ya jua kichwani. Ndiyo maana imeili ilikuwa na megabaiti 6. Ijumaa hiyo sijaiona hadi leo. Simu ilibadilishwa, namba ikapotea, nami nikasahau, au niseme nilijisahaulisha.

Shida ni kwamba ukitoa tiki kwenye imeili moja, lile "zote" linavunjika. Mpwa akasema iwekee nyota, kisha ongeza -is:starred kwenye utafutaji. Nikaiwekea nyota. Zikabaki 1,136. Nikakubali, nikamwambia Bismillah.

Ilichukua dakika chache. Nikaenda kwenye tupio nikalimwaga pia, kwa sababu vilivyo kwenye tupio hukaa siku 30 na siku zote hizo vinahesabiwa kwenye nafasi yako. Nikafungua tena pale pa kuangalia: gigabaiti 6.1. Nikampigia dada wa meli, akatuma notisi ya majaribio nikiwa hewani, ikaingia. Gari la mteja lilitoka ikiwa imebaki siku moja ya bure. Yeye hajui chochote na hatajua.

Zile ndogondogo sijazimaliza. Nilijiondoa kwenye orodha ya hoteli ya Arusha, wakaniandikia kwamba wamesikitika.

Mteja wa Tegeta nilimpata kupitia fundi wake wa magari. Jana nimemrushia ile picha WhatsApp, chini yake nikaandika "640,000" bila neno lingine. Tiki mbili zikawa bluu palepale. Baada ya nusu saa akajibu:

"Kaaaaka! Daah, hii Noah niliuza zamani. Hiyo picha unayo bado? Zile nyingine je, unazo? Nirushie zote."

Nikamjibu zilikuwa 12 na hii ndiyo iliyobaki, nyingine nimezifuta, safari hii kweli. Kuhusu ile namba hajagusia. Ninapoandika hapa, chini ya jina lake panaonyesha anaandika. Panaacha. Panaonyesha tena anaandika.